Kona ya Maji ya Vyombo

Dada yangu mkubwa alipostaafu udobi wa hospitali, mtaa mzima ulidhani atakaa kibarazani anywe chai na kusema watu. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni nilijua hawezi. Huyu ni mtu ambaye hata akishikwa na homa anaamka kupanga upya sufuria. Maisha yake ya kazi yote yalipita kwenye chumba cha kufulia nyuma ya wodi, kati ya mashuka ya wagonjwa na mapipa ya maji ya moto, na alichotoka nacho huko ni vidole vilivyoharibika. Vilikuwa vimechunika na kupasuka kwenye maungio, na ukimpa mkono unahisi umeshika gome la mti. "Sabuni," alikuwa akisema, akiviinua ili uvione vizuri. "Sabuni ndiyo iliyonila hivi. Kitu kinachotafuna nyama ya mtu, kitabakiza nini?"

Tukamwacha na chuki yake ya sabuni. Kila mtu ana adui wake, na wake angalau alikuwa ananukia vizuri.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kiwanja kidogo kilichokanyagwa mpaka kikawa kigumu kama sakafu. Hapo ndipo alipohamishia ubishi wake. Alikichimba kidogo kidogo, akafukia maganda ya jikoni, majani makavu na samadi aliyoachia ikakaa mpaka ikapoa. Alimwagilia, akafunika kwa nyasi, akasubiri, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa kitu kingine chochote duniani. Udongo ukalainika. Ukiufumba kiganjani unashikana, ukiufumbua unamomonyoka. Msimu wa kwanza mchicha ulipanda mpaka kiunoni, nyanya zikavunja vijiti zilivyoegemezwa, na watu wakaanza kumwita Bibi Shamba. Jina lilimkaa vizuri. Alianza hata kutembea tofauti, mikono nyuma, kama anakagua mali ya serikali.

Simlaumu kwa kuvimba kichwa. Mtu aliyefua damu za wengine miaka yote hiyo bila kuambiwa ahsante, akiitwa mtaalamu na akina mama kumi wamesimama wanamsikiliza, lazima kichwa kivimbe kidogo.

Sasa, pale kwenye kona ya barabara kuna tanuri la mikate linalotumia kuni. Mwoka mikate alikuwa hana pa kutupa majivu, na dada alikuwa na vidukari. Wale wadudu wadogo weusi walikuwa wamejazana chini ya majani wakinyonya utomvu. Akachota majivu konzi moja, akayapuliza juu ya majani asubuhi na umande, na vidukari wakapungua. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Tatizo la dada yangu ni kwamba dawa ikimfaa kwa kijiko, kesho yake anataka kuinywa kwa bakuli. Konzi ikawa kopo, kopo likawa ndoo, na baada ya muda mwoka mikate akawa anamletea kwa toroli mpaka mlangoni. Alitia majivu kwenye matuta kabla ya kupanda na baada ya kupanda. Kisha akaanza kuyachanganya na samadi mbichi ya kuku. Mchanganyiko ule ulitoa harufu iliyopanda puani na kukutoa machozi. Nilipolalamika, akanicheka. "Hiyo ndiyo nguvu yenyewe, mdogo wangu. Mbolea isiyonuka imekufa."

Baadaye tulikuja kuelezwa kwamba ile harufu ilikuwa ni nguvu ya mbolea ikikimbilia hewani, na kwamba alikuwa anaifukuza kwa mikono yake mwenyewe. Lakini wakati ule nani angemwambia? Bibi Shamba alikuwa anafundisha, hafundishwi.

Katika siku hizo ndipo mwanawe, mtoto wake wa pekee, fundi umeme wa kiwanda cha unga, alipomleta mkewe kukaa pale nyumbani. Msichana alikuwa mjamzito, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekulia kwenye ghorofa, kwa hiyo alipoona kuku uani alisimama kuwatazama kama wageni waheshimiwa. Dada alimpenda, msifikiri hakumpenda. Alimtolea chumba chenye dirisha kubwa, akashona mapazia upya, akanunua beseni dogo la kumwogeshea mtoto na kulificha chini ya kitanda chake ili lisionekane mapema. Tangu shemeji yangu afariki, nyumba ile ilikuwa na mwangwi. Mwanawe alimwambia mbele yangu: "Mama, kazini wamenipa nyumba ya wafanyakazi. Sijaikubali. Nataka mtoto azaliwe hapa kwako." Dada alikwenda jikoni akagongagonga vyombo. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho, na yeyote aliyemjua alikiona usoni pake.

Mkwe alikuwa akiosha vyombo uani, na akimaliza anabeba beseni mpaka nyuma ya pipa la maji ya mvua, kwenye kona ambayo haikuwa na tuta, anamwaga. Ilikuwa karibu, na tumbo lilikuwa linakua.

Kisha shamba likaanza kuumwa. Majani machanga yalitoka ya njano, mishipa tu ndiyo iliyobaki na kijani. Nyanya zilidumaa zikawa za kimo cha mtoto anayetambaa. Bamia lilitoa maua likayaangusha. Juu ya udongo kulifanyika gamba la kijivu lililopasuka ukilikanyaga. Dada alizunguka kila tuta, akapindua majani, akachimbua mizizi akitafuta viwavi na wadudu wanaokata miche. Hakupata mtu wa kumshika. Ndipo siku moja akainua macho akamwona mkwe wake nyuma ya pipa, anamimina beseni, na povu jeupe linateremka kwenye udongo.

Angemwambia pembeni, yangeishia hapo. Lakini siku hiyo hiyo akina mama wa kikundi cha mtaa walikuwa wamekuja kujifunza kutengeneza kitalu, nami nilikuwamo. Fundi cherehani, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, akalitazama shamba akasema: "Bibi Shamba, mbona mchicha wako una homa ya manjano?" Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida tu, lakini nilimwona dada uso ukimshuka. Akaita kuelekea jikoni.

"Mwanangu, hebu njoo hapa. Waeleze wenzio unamwaga nini shambani kwangu."

Mkwe akaja akijifuta mikono. "Maji ya vyombo, mama."

"Yana sabuni, hayana sabuni?"

"Yana sabuni, mama."

"Mmesikia wenyewe." Akageukia kundi, vidole vyake vikiwa juu. "Mimi nafanya kazi hapa mgongo unaniuma, mwenzangu ananiwekea sumu kwa nyuma. Ndiyo mambo ya kukulia ghorofani. Kwake udongo ni uchafu wa kufagia."

Fundi cherehani, tumpe haki yake, alijaribu kusema kwamba amesikia watu wanapulizia maji ya sabuni kuua vidukari. Dada akamkata kwa jicho. Msichana alisimama pale mkono mmoja juu ya tumbo, akitazama chini, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi ambaye si mwenye kosa. Mwisho akasema, "Nisamehe, mama. Sikujua," akarudi jikoni taratibu.

Jioni mwanawe alipotoka kazini alisikia habari kwa mama, si kwa mke. Akasema kilichokuwa chepesi kusemwa: "Mke wangu, mama ameanza mambo haya zamani. Msikilize." Kuanzia hapo ikawa sheria kwamba maji ya vyombo yasimwagwe ndani ya ua. Mkwe alitoka na beseni getini, akapita mbele ya kinyozi na mbele ya duka la vifaa vya simu, akayamwaga kwenye mtaro wa barabara. Alifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, na tumbo lile. Kila aliyeuliza aliambiwa na wengine sababu. Yeye mwenyewe hakuisema kwa mtu.

Maji yalikoma, njano haikukoma. Mtu mwingine angejiuliza. Dada yangu alisema sabuni bado imo ardhini, lazima itolewe, na unajua aliitoa kwa kitu gani? Kwa majivu. Akaagiza toroli nyingine. Alimwaga kila mahali isipokuwa nyuma ya pipa, maana kona ile alikuwa ameshaihesabu kuwa maiti, haifai hata kupewa dawa.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe, mara moja tu, na hakunitazama alipokuwa anayasema.

Akina mama walikuwa wanarudi siku hiyo, safari hii kwa chakula cha mchana, maana kila mwezi kikundi hula kwa mwenzao mmoja na zamu ilikuwa yake. Asubuhi, ndoo ya majivu mkononi, alikwenda nyuma ya pipa kutafuta kopo lake la kumwagilia. Akakuta mchicha. Mchicha mpana, wa kijani kibichi, umesimama unameremeta, na katikati yake miche ya nyanya iliyojiotea kutokana na mbegu za kwenye sahani, minene, yenye maua. Hakuna jani hata moja la njano. Vidukari hawakuwapo. Alipiga magoti akatia mkono kwenye udongo. Ulikuwa mweusi na laini, ulikuwa udongo wake wa msimu wa kwanza. Kisha akageuka akatazama matuta yake yote yaliyofunikwa kijivu, akatazama ile ndoo ya majivu aliyokuwa ameishika kwa mkono mwingine.

"Nilijua palepale," aliniambia. "Sikuhitaji kufundishwa. Sehemu niliyoilisha imekufa, sehemu niliyoitukana imeota. Nikakaa juu ya ndoo. Nikasikia jasho linanitoka mgongoni na jua lenyewe bado halijapanda."

Hapo, msomaji, palikuwa na njia nyepesi. Mkwe alikuwa jikoni, hatua chache tu. Neno moja lingetosha, na lingesikiwa na masikio mawili. Dada alijua hivyo. Lakini akafikiria akina mama wakiingia getini. Akamfikiria fundi cherehani akizunguka pipa na mdomo wake. Akajiona amesimama mbele yao na vidole vyake hewani, akisema sumu, sumu. Akaanza kung'oa.

Aling'oa kwa mikono yote miwili, mchicha na nyanya pamoja, mizizi na maua, akirundika chini haraka haraka kama mwizi anayekusanya nguo kwenye kamba. Alikuwa amefikia mche wa mwisho aliposikia maji yakicheza kwenye beseni. Mkwe alikuwa amesimama karibu na pipa, njiani kwenda getini na maji yake. Hatujui alikuwa amesimama kwa muda gani. Muda wa kutosha.

"Magugu," dada akasema.

Msichana akaitazama kona, akautazama mrundo, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa na udongo mpaka viwikoni. "Ndiyo, mama," akasema. Akaweka beseni chini, akainama kwa shida, akayachukua yale majani mapana akayaweka kwenye kanga yake. "Nitayapika, yasiharibike." Kisha akabeba beseni lake akaenda barabarani kumwaga maji.

Mimi nilifika mchana, sikujua lolote. Nilikuta dada ameoga, amevaa gauni lake zuri, na hana la kusema, jambo lililonitisha kuliko lolote. Nilidhani presha imepanda. Sebule ilijaa, wengine kwenye makochi na wengine kwenye mkeka. Mwanawe naye alikuwapo, alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mkwe akapakua wali na mchicha, akazunguka kwa kila mtu, akaanza na mama mkwe wake kama ilivyo heshima.

Mchicha ule ulikuwa mtamu. Sipendi kusema hivyo, lakini ulikuwa mtamu, laini, unayeyuka. Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kuusifia.

"Bibi Shamba, kumbe shamba limepona hulisemi?"

"Si ndiyo maana tunamwita Bibi Shamba," mwingine akadakia. "Alisema ni sabuni, maji yakakoma, mnaona wenyewe."

Mwanawe akatabasamu kwa mdomo uliojaa. Nafikiri alifurahi kwamba sasa yamekwisha. "Mama, umeuchuma wapi huu?"

Mkwe ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ile ya chini, akiwa ameshika bakuli. "Mama amechuma leo asubuhi."

Hakuna hata mmoja aliyesikia kitu katika maneno yale. Yalikuwa maneno ya mkwe mwema anayemsitiri mama mkwe wake mbele ya wageni. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na dada, nikaona hatafuni tena, kijiko kimesimama juu ya sahani. Akakiweka chini. Nikaona anataka kusimama, kisha hakusimama, akabaki pale pale kwenye mkeka akiongea na sahani.

"Huo mchicha si wangu," akasema.

Watu wakaendelea kula kidogo, wakidhani anatania.

"Umeota nyuma ya pipa. Kwenye maji ya vyombo yake. Sabuni haikuua kitu. Mimi ndiye niliyeua, kwa majivu. Nimeuona leo asubuhi nikajua, nikaung'oa ili msiuone." Akavuta pumzi. "Nilimsema mbele yenu. Basi namwomba msamaha mbele yenu."

Nimewahi kukaa kwenye misiba yenye sauti kuliko chumba kile. Mama mwenye nywele nyeupe kumwomba radhi msichana aliyembebea mjukuu ni jambo ambalo wengine hawataki hata kulishuhudia. Akina mama waliinamia sahani zao, na ule mchicha uliokuwa mtamu ukawa hauliki. Niliona aibu kwa niaba ya dada, kisha nikaona fahari kidogo, kisha aibu ikarudi ikakaa. Kijana naye alikuwa amegeuka kumtazama mkewe, na nadhani alikuwa anaona mbele yake kila safari ya getini.

Mkwe aliweka bakuli mezani. Akaja akapiga magoti mbele ya dada, tumbo likiwa kati yao, akamshika ile mikono.

"Nimekusamehe, mama. Lakini na mimi sitaki kukuficha. Asubuhi nilipotoka kumwaga maji nilimpigia simu mume wangu. Nilimwambia aikubali ile nyumba ya kazini. Ameshaikubali."

"Kwa sababu ya maneno yangu ya siku ile," dada akasema.

"Hapana, mama. Siku ile uliamini kwamba mimi naharibu shamba lako. Mtu akiamini kitu anaweza kusema lolote, nikavumilia, na ningeendelea kuvumilia mpaka uone. Leo umeona." Akatafuta namna ya kulisema bila kuumiza, asiipate. "Umeona, halafu ukang'oa. Kwa hilo nimeogopa, mama. Nina mtoto anakuja."

Dada akatikisa kichwa kukubali. Dada yangu, ambaye amebishana na madaktari, na makarani, na marehemu mumewe mpaka siku ya mwisho, hakuwa na la kubisha. "Una haki," akasema, na akamwachia mikono yake.

Walihama wiki iliyofuata. Pikapu ya kiwandani ilikuja kuchukua kitanda, kabati, na masanduku. Nilikwenda kusaidia kufunga vitu, nikitegemea dada atakuwa pale anaamrisha watu jinsi ya kushika kabati. Hakuonekana. Alikuwa amesalimia asubuhi, akawapikia chai, kisha akatoweka ndani. Mwanawe aliita mara mbili, akasubiri, akapanda mbele karibu na dereva akiwa amekunja uso.

Mkwe ndiye aliyenijia mlangoni. "Mama mdogo, mama yuko wapi? Nataka kumuaga."

Nilikuwa najua yuko wapi, na nikajikuta nasema, "Amejipumzisha kidogo. Mgongo."

Alitazama kuelekea jikoni, ule mlango ulioegeshwa, akatazama tena uso wangu. "Basi mwambie nimemuaga," akasema, kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake. "Mwambie mtoto akizaliwa, yeye ndiye atakayeitwa wa kwanza."

Pikapu ikaondoka. Niliposukuma mlango wa jikoni, dada alikuwa amesimama nyuma yake, ukutani, viatu mkononi ili asisikike akitembea, na lile beseni dogo la mtoto chini ya kwapa. Alikuwa amedhamiria kulitoa, miguu ikakataa.

"Nimeyasikia maneno yake," akasema. "Usiyarudie."